Kampuni za vifaa vya kupanda miamba zinaponunuliwa: mteja ahofie nini hasa?

Mkwea Nyufa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila inapotangazwa kwamba kampuni fulani ya vifaa vya kupanda miamba imeuzwa, wapandaji huulizana swali lile lile: je, karabina za sasa, yaani zile pete zenye mlango za kuunganishia kamba, zitakuwa imara kama za zamani? Ni swali la haki, kwa kuwa mtu anayening'inia mita 40 kutoka ardhini hana namna ya kurudi dukani kubadilisha alichonunua. Hata hivyo naona linatupotezea muda, kwa sababu kampuni inapobadilisha mikono, uimara wa chuma kwa kawaida ndio wa mwisho kuguswa. Yanayoguswa mapema ni mengine ambayo hayaandikwi kwenye lebo, na hayo ndiyo ninayotaka tuyajadili kwa mifano ya kampuni zinazojulikana.

Tuanze na chuma ili tuachane nacho. Vifaa vya kumkinga mtu asianguke vinavyouzwa Ulaya vimewekwa kisheria katika kundi la tatu la vifaa vya kinga, yaani kundi la hatari zinazoweza kuua, na kabla havijaingia sokoni lazima vipimwe na taasisi huru iliyoidhinishwa, ambayo pia huendelea kuufuatilia uzalishaji. Karabina ya kawaida, kwa kiwango cha EN 12275, hutakiwa kuhimili nguvu ya kilonewtoni 20 ikivutwa kwa urefu mlango ukiwa umefungwa, na 7 ikivutwa kwa upana. Kamba inayotumiwa peke yake na mpandaji anayetangulia hutakiwa kuvumilia angalau maanguko matano ya maabara ya uzito wa kilo 80 bila kukatika, na mshtuko wa anguko la kwanza usizidi kilonewtoni 12. Viwango hivyo, pamoja na vile vya shirikisho la kimataifa la wapanda milima, UIAA, haviulizi mwenye hisa ni nani. Mmiliki mpya akitaka kuuza Ujerumani au Ufaransa, atapimiwa bidhaa zake kama alivyopimiwa aliyemtangulia.

Lakini kiwango kinataja kiasi cha chini kabisa kinachokubalika, basi. Hakisemi kama saizi ya hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani ya kujifungia kamba) inayokutosha itaendelea kutengenezwa, kama kuna mtu atakayejibu barua yako miaka minane baada ya kununua, wala kama mkaguzi wa kiwandani akiona jambo lisilomridhisha ana mamlaka ya kusimamisha mashine bila kumpigia simu mkubwa wake aliye nchi nyingine. Hapo ndipo mwenye mali anapohusika.

Mfano unaosomeka vizuri zaidi ni wa Black Diamond ya Salt Lake City, kwa sababu kampuni hiyo imeshapitia karibu kila aina ya umiliki. Chimbuko lake ni Yvon Chouinard, kijana wa California aliyeanza mwaka 1957 kufua pitoni, vile vyuma vinavyopigiliwa kwenye nyufa za mwamba, na kuziuza kutoka kwenye gari lake. Mwaka 1972 kampuni yake, Chouinard Equipment, iliwahimiza wateja waachane na pitoni kwa kuwa zilikuwa zinaichakaza miamba, wahamie kwenye nati za alumini zinazopachikwa na kutolewa kwa mkono. Pitoni hizo hizo ndizo zilizokuwa zikiiingizia kampuni sehemu kubwa ya mapato. Naomba tusiipite haraka habari hii. Mwenye mali anaweza kufanya uamuzi wa namna hiyo kwa sababu hana wa kumwomba ruhusa, na kwa sababu yeye mwenyewe wiki ijayo anarudi kwenye mwamba ule ule na kuyaona majeraha aliyoyasababisha. Meneja wa kampuni iliyonunuliwa kwa mkopo, ambaye anadaiwa marejesho kila robo ya mwaka, atapata wapi ujasiri wa kuiambia bodi kwamba bidhaa inayowalisha iachwe?

Mwaka 1989 Chouinard Equipment iliomba kinga ya ufilisi ikiwa imezongwa na kesi za fidia. Kundi la wafanyakazi likiongozwa na Peter Metcalf likanunua mali zake, likaanzisha Black Diamond, na mwaka 1991 likahamia Utah. Huo nao ulikuwa ununuzi wa kampuni, wakuu, lakini sijawahi kumsikia mpandaji akiulalamikia. Walionunua ndio waliokuwa wakitengeneza, na waliotengeneza ndio waliokuwa wakienda kupanda.

Mwaka 2010 ukaja ununuzi wa sura nyingine. Clarus, ambayo zamani ilikuwa kampuni ya programu za kompyuta, ilikuwa imeshauza biashara yake na kubaki na fedha benki pamoja na nafasi yake katika soko la hisa. Chini ya mwenyekiti wake Warren Kanders ilitoa dola milioni 90 kwa ajili ya Black Diamond na milioni 45 kwa ajili ya Gregory, watengenezaji wa mabegi ya mgongoni. Mwaka 2012 ikaongeza POC ya Sweden, inayotengeneza helmeti, na PIEPS ya Austria, inayotengeneza vifaa vya kumtafutia mtu aliyefukiwa na maporomoko ya theluji. Mwaka 2014 Gregory ikauzwa kwa Samsonite kwa dola milioni 84, na mwaka uliofuata POC nayo ikauzwa kwa milioni 65. Mwaka 2017 wakainunua Sierra Bullets, watengenezaji wa risasi, kwa milioni 79, na kampuni mama, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imejiita Black Diamond, ikarudi kwenye jina la Clarus. Mwanahisa akiyasoma hayo ataona biashara iliyofanywa kwa akili, maana Gregory peke yake ilirudisha karibu mara mbili ya bei yake ndani ya miaka minne. Mwenye begi la Gregory ambalo zipu imekufa anayasoma tofauti: katika miaka hiyo minne wenye dhamana yake wamebadilika mara mbili, na yeye begi ni lile lile.

Mwaka 2016 Black Diamond iliwataka wateja warudishe bidhaa za aina kadhaa: karabina, kanda za nailoni, baadhi ya Camalot (kemu zake, yaani vifaa vyenye mbawa vinavyopachikwa kwenye nyufa), na vifaa vya kujifunga kwenye njia za milimani zenye nyaya za chuma. Ulikuwa wakati ambapo kampuni ilikuwa ikiurejesha Utah uzalishaji iliokuwa imeupeleka Zhuhai, China, mwaka 2006. Kufuatana kwa matukio si ushahidi wa chanzo, na kampuni yenyewe ndiyo iliyojitokeza kuwaeleza wateja namna ya kukagua walicho nacho, jambo linalostahili sifa. Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi kiwandani anajua kwamba mtambo unaweza kufungwa kwenye kontena na kuvushwa bahari, ila fundi aliyezoea kusikia ribiti ikikaa vibaya hafungwi kwenye kontena. Tena si lazima kampuni iuzwe ili mitambo ihame. Ikiuzwa tu, anayeamua kuihamisha huwa ni mtu aliye mbali zaidi na meza ya fundi.

Mfano wangu wa pili ni viatu. Five Ten ilianzishwa California mwaka 1985 na Charles Cole, mpandaji aliyekuja na mpira wa soli ulioitwa Stealth, ambao kwa miaka mingi ndio uliokuwa kipimo cha kushika mwamba mlaini. Mwaka 2011 Adidas ikainunua kwa dola milioni 25. Kwa kampuni ya ukubwa wa Adidas, kiasi hicho si cha kukosesha mtu usingizi, na tatizo nadhani lilianzia hapo hapo. Ndani ya kampuni inayouza mamilioni ya raba za mpira wa miguu, kiatu cha kupandia mwamba ni bidhaa ndogo sana, na upande wa Five Ten uliokuwa na soko pana ulikuwa ni viatu vya baiskeli za milimani. Orodha ya viatu vya kupandia ikapungua, jina la Anasazi lililopendwa na wengi likaachwa, na mahali pake pakachukuliwa na NIAD.

Asiyepanda anaweza kushangaa watu wazima wakinung'unikia jina la kiatu. Kiatu hiki hakinunuliwi kwa namba tu. Vidole hukunjwa kidogo mbele, kisigino hukamatwa bila kuachwa na hewa, na ukingo wa soli chini ya kidole gumba ndio unaosimama kwenye kijipande cha jiwe chenye upana wa sarafu. Kalibu ikibadilishwa kwa milimita chache, mtu ambaye mguu wake ulikuwa umekubaliana na kiatu hicho kwa miaka kumi huanza upya kutafuta. Ndiyo maana watu walizisaka jozi za mwisho madukani na kuzipeleka kubadilishwa soli tena na tena. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, wala kiatu kipya hakikuwa hatari. Kilichopotea ni mazoea kati ya mtengenezaji na miguu ya wateja wake, na hilo halikuwa sehemu ya bei.

Sitaki ionekane kwamba kila mnunuzi ni mharibifu. Edelrid ya Isny, kiwanda cha kamba kilichoanzishwa mwaka 1863 na kilicholeta kamba yenye kiini na gamba mwaka 1953, iliingia chini ya Vaude mwaka 2006, na imebaki pale pale Isny ikitengeneza kamba. Wild Country ya Derbyshire, iliyoanzishwa na Mark Vallance mwaka 1977 ili kutengeneza Friend, kemu iliyobuniwa na Ray Jardine, ilinunuliwa mwaka 2012 na kundi la Oberalp la Bolzano, wenye Salewa. Baada ya hapo Friend ikafanyiwa kazi upya, ikapata ekseli mbili na kanda inayorefuka, na mimi naihesabu kuwa kemu bora kuliko ile iliyokuwa ikiuzwa kabla ya ununuzi.

Hoja yangu basi ni kwamba swali si kama kampuni imeuzwa, bali imeuzwa kwa nani, na aliyenunua anatarajia kurudishiwa fedha zake lini na kwa njia gani. Naomba kuwasilisha.

Hesabu Safi

Mkuu, nimekusoma na nakubaliana na sehemu kubwa, lakini naomba nitetee upande wa wanaouza, kwa sababu uzi wako umewasahau. Mwasisi wa kampuni ya namna hii huzeeka. Watoto wake pengine ni madaktari au wanamuziki na hawautaki moshi wa kiwanda. Bima ya madai inapanda, mashine ya kufulia alumini inagharimu fedha nyingi, na kila bidhaa mpya lazima ilipiwe vipimo kabla haijaingiza hata senti. Benki nayo haipendi kukopesha kampuni ambayo kesi moja inaweza kuifunga, kama ilivyotokea kwa Chouinard Equipment. Usisahau pia kwamba mwaka 2010 Metcalf mwenyewe ndiye aliyekuwa kiongozi wa Black Diamond, aliyakubali makubaliano yale, na akaendelea kuiongoza hadi 2015. Hakuvamiwa.

Kuhusu kurudisha bidhaa, tusiwape watakatifu wa familia sifa za bure. Petzl ya Crolles, ambayo ni mali ya familia, mwaka 2011 ilirudisha GriGri 2, kifaa cha kuzuia kamba mwenzako akianguka, kwa sababu mkono wake ukivutwa kwa nguvu kupita kiasi uliweza kukwama ukiwa wazi, na mwaka huo huo ikarudisha kanda za Scorpio za kujifunga kwenye njia za nyaya kwa kasoro ya ushonaji. Kasoro haichagui ukoo.

Umetaja aina kadhaa za wanunuzi na ukaacha moja, ambayo ndiyo inayokua: mifuko binafsi ya uwekezaji. Mammut ya Uswisi, yenye historia ya tangu 1862, iliuzwa mwaka 2021 na Conzzeta kwa Telemos Capital kwa faranga milioni 230. Mfuko wa namna hii kwa kawaida hununua ukiwa umeshapanga kuuza baada ya miaka michache. Simaanishi kwamba ni dhambi, kwa sababu mfuko mzuri huleta nidhamu ya mahesabu ambayo waasisi wengi hawana, ila mteja ajue kwamba mauzo ya pili yamo kwenye mpango tangu siku ya kwanza.

Mkwea Nyufa

Mkuu Hesabu Safi, umenisahihisha kwa haki kuhusu wauzaji. Chouinard mwenyewe alionyesha ugumu huo mwaka 2022, alipoamua kwamba Patagonia, kampuni yake ya mavazi, isiuzwe wala isiingizwe katika soko la hisa, bali hisa zenye kura, ambazo ni asilimia 2, ziwekwe chini ya udhamini maalumu, na asilimia 98 zilizobaki zipewe shirika linalotumia gawio kwa ajili ya mazingira. Kama mauzo ya kawaida yangelinda alichotaka kilindwe, asingehangaika kutafuta njia hiyo.

Kuhusu Petzl, mfano wako unaunga mkono ninachosema. Kasoro itatokea kwa kila mtu. Tunachopaswa kupima ni muda unaopita kati ya kampuni kupata habari na mteja kupata habari. Mwaka 2021 PIEPS, ikiwa chini ya Black Diamond, iliwaita wenye vifaa vya DSP kwa sababu swichi iliweza kusogea kutoka mahali ilipowekwa, na ukumbuke kwamba kifaa hicho kikizimika mtu aliyefukiwa hatafutiki. Kabla ya hapo watumiaji walikuwa wamepaza sauti hadharani kwa miezi, huku kampuni ikikitetea kifaa chake. Suluhisho lililotolewa lilikuwa kifuko kigumu cha kukilinda. Muda wa namna hiyo hurefuka pale ambapo tangazo la kasoro lazima lipite kwanza kwa watu wanaoangalia bei ya hisa, na ndiyo maana namwogopa zaidi mmiliki wa aina hiyo kuliko fundi aliyekosea kushona.

Mwongozaji wa Nanyuki

Wakuu, naomba niulete mjadala huu nyumbani kidogo. Sisi tunaopanda Hell's Gate na miamba ya Batian na Nelion, vilele vya Mlima Kenya, hatununui vifaa kama wanavyonunua watu wa Chamonix, Ufaransa. Vingi hutufikia kwa mkono wa mtu anayesafiri, au mgeni anapomaliza safari yake akatuachia seti. Kemu inaweza kufika kwangu ikiwa imeshatimiza miaka sita, chuma chake kikiwa kizima kabisa, lakini kanda yake imebakiza muda mfupi kabla ya kufikia ukomo uliowekwa na mtengenezaji.

Niliwahi kuwaandikia kampuni moja, ambayo sitaitaja, nikiomba kanda mpya ya kemu zao za toleo la zamani. Kabla kampuni hiyo haijauzwa, huduma hiyo ilikuwepo. Nikajibiwa kwa adabu kubwa kwamba toleo hilo halihudumiwi tena na kwamba wananipendekezea seti mpya, na wakaniwekea kiungo cha duka lao. Bei ya seti hiyo ni zaidi ya ninachopata kwa msimu mzima wa kuongoza wageni. Mwanzisha uzi, unanishauri nini? Nishone mwenyewe kwa fundi wa viatu?

Mkwea Nyufa

Mkuu, kwa fundi wa viatu hapana, hata kama mkono wake ni mzuri kiasi gani.

Naomba nieleze kwa wasiokijua kifaa hiki. Kemu ina mbawa tatu au nne za alumini zilizochongwa kwa mchirizo maalumu, zimepangwa kwenye ekseli, na nyuma yake kuna kifyatuo chenye nyaya nyembamba. Ukikivuta kifyatuo mbawa zinajikunja, unakipachika kifaa kwenye ufa, ukiachia zinafunguka na kukumbatia kuta mbili. Uzito ukija, mbawa zinasukuma kuta kwa nguvu zaidi kadiri zinavyovutwa. Vyuma hivyo vikitunzwa vinaweza kukaa miaka mingi sana, na springi ikijaa vumbi la Naivasha inasafishwa kwa maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo. Lakini mwishoni kabisa kuna kipande cha kitambaa, kanda ya nailoni au ya Dyneema (uzi mwingine wa viwandani), ambacho karabina inaning'inia. Kitambaa hicho huliwa na jua, jasho na muda, na watengenezaji wengi wanakipa miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama hakijawahi kutumika. Mshono wake wenye nyuzi nyingi zilizorudiwa mahali pamoja hufanywa kwa mashine iliyopangwa kwa uzi fulani, mvuto fulani na idadi fulani ya mishono, kisha sampuli zake huvunjwa maabara. Fundi wa viatu hana namna ya kujua mshono wake utakatika kwa kilonewtoni ngapi.

DMM ya Llanberis, Wales, na Wild Country ni miongoni mwa watengenezaji ambao wamekuwa wakipokea kemu zao za zamani na kuzifunga kanda mpya, na kuna karakana huru zenye ithibati zinazofanya kazi hiyo kwa kemu za kampuni nyingine. Ukipata mgeni anayerejea Ulaya, mkabidhi kemu zako zote kwa pamoja, maana gharama kubwa ni usafirishaji. Wakati unasubiri, kanda ya zamani ikatwe kabisa, isije ikatumiwa na mtu mwingine asiyejua umri wake.

Jibu ulilopewa na kampuni hiyo linaeleza uzi wangu wote kuliko nilivyoueleza mimi. Kwenye vitabu vya mahesabu, huduma ya kufunga kanda ni hasara: inachukua muda wa fundi, inabeba dhima ya kisheria, na inamzuia mteja kununua kemu mpya. Mnunuzi anayepitia gharama moja baada ya nyingine ataifuta katika wiki ya kwanza. Mwasisi aliiacha iendelee kwa sababu alijua kwamba mpandaji ambaye kemu zake zimehudumiwa kwa miaka 20 humshauri mwanafunzi wake anunue za kampuni hiyo hiyo.

Upepo wa Lenana

Mimi nina wasiwasi wa aina nyingine. Umetaja risasi kwa sentensi moja na ukapita. Kuna wateja ambao hawataki fedha ya karabina yao iende kwa kampuni inayouza risasi, hata kama karabina ni nzuri. Kanders huyo huyo alijiuzulu bodi ya jumba la sanaa la Whitney, New York, mwezi Julai 2019 baada ya maandamano kuhusu kampuni yake nyingine, Safariland, iliyokuwa ikitengeneza gesi ya machozi. Mwaka 2018, baada ya mauaji ya shuleni Parkland, ushirika wa REI wa Marekani, wenye maduka ya vifaa vya michezo ya nje, ulisimamisha kuagiza bidhaa za chapa zilizokuwa chini ya Vista Outdoor, kama CamelBak na Giro, kwa sababu mmiliki wao alikuwa na biashara ya silaha. Na Septemba 2025 Arc'teryx, iliyoanza North Vancouver mwaka 1989 kwa kutengeneza hanesi na ambayo kampuni mama yake ilinunuliwa mwaka 2019 na kundi la wawekezaji lililoongozwa na Anta ya China, ilidhamini maonyesho ya fataki kwenye milima ya Tibet. Wateja wa China wenyewe walikasirika hadi kampuni ikaomba radhi. Je, tususie au tusisusie?

Mkwea Nyufa

Dada au kaka Upepo, nilipita haraka kwa makusudi, maana jambo hilo ni la dhamiri na mimi sina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu. Ninachoomba ni tusichanganye mambo mawili. Mtu akisema hanunui kwa sababu ya risasi, namheshimu. Akisema hanunui kwa sababu ya risasi na kwa hiyo Camalot zimekuwa dhaifu, hapo anawatisha watu bila sababu. Ni vyema pia kukumbuka kwamba umiliki huendelea kubadilika: biashara ya risasi iliuzwa na Clarus mwaka 2024 kwa dola milioni 175, kwa hiyo aliyesusia mwaka 2018 na hakurudi kuangalia anasusia kitu ambacho hakipo tena.

Habari ya Arc'teryx naiona kuwa nzito zaidi, kwa sababu haikuhusu bidhaa nyingine ya mmiliki bali mlima wenyewe. Kampuni iliyoanza kwa kutengeneza hanesi ilipaswa kuwa na angalau mtu mmoja kwenye meza ya uamuzi wa kuuliza fataki hizo zitaufanyia nini udongo na wanyama wa mahali pa juu kiasi kile. Ama mtu huyo hakuwepo, ama alikuwepo na hakusikilizwa, na yote mawili ni dalili ya chapa iliyokua kuwashinda walioianzisha.

Hesabu Safi

Basi tupe la kushika mkononi, mkuu. Mimi leo nataka kununua hanesi na seti ya kemu. Nikishajua kampuni imeuzwa mwaka jana, nifanye nini tofauti na ambavyo ningefanya mwaka juzi?

Mkwea Nyufa

Kwa hanesi, sina cha kukuzuia. Ni kifaa cha miaka michache, kinachakaa chote kwa pamoja, na kikiwa na alama ya CE (ya kutimiza sheria za Ulaya), namba ya taasisi iliyokikagua na kikikukaa vizuri kiunoni, nunua. Kwa kemu ningekuwa mgumu zaidi, kwa sababu unaingia katika uhusiano wa miaka 15 au 20. Waandikie kabla ya kulipa. Waulize kama wanafunga kanda mpya kwa toleo hilo, wanafanya kazi hiyo wapi, na wataifanya kwa muda gani baada ya toleo kuachwa. Waulize pia kama wanapokea usajili wa namba zilizochongwa kwenye kifaa, ili kasoro ikijulikana wakutafute wao badala ya wewe kuisikia kwa rafiki wa rafiki. Kampuni ambayo ndani yake bado wamebaki watu wanaokijua kifaa itakujibu kwa maneno ya fundi, na mara nyingine watakuuliza wao umri wa kanda zako za sasa. Ukijibiwa na kiungo cha duka, weka fedha yako mfukoni.

Kwa wanaonunua vya mkononi, ongeza hili: mwombe anayekuuzia mwaka wa kutengenezwa, kisha linganisha namba hizo na matangazo ya kurudisha bidhaa kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kama kampuni imeshauzwa, pekua pia tovuti ya mmiliki mpya, kwa sababu matangazo ya zamani wakati mwingine huachwa nyuma tovuti zinapounganishwa. Mwongozaji wa Nanyuki, nitumie ujumbe wa faragha na picha za kemu zako, nikuangalizie ni toleo gani kabla hujampa mtu azisafirishe.